UZI: Kupiga picha za nyeusi na nyeupe mashambani Kusini, majani yanapopukutika. Mimi huanza na ardhi

Mwanzisha uzi (Masasi)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Nimechelewa kuuanzisha uzi huu kwa sababu kila nilipotaka kuandika, picha zenyewe zilinikanusha. Mwaka huu naona ninacho cha kusema, nami nakisema nikijua kwamba humu wamo walionitangulia kwa miaka mingi, ambao nawaomba wanisahihishe bila kunionea haya.

Wengi wetu tulijifunza kupiga picha za mandhari kwa kutazama kazi za watu wa Ulaya na Marekani. Wao wana msimu wanaoupenda kuliko yote, ule ambao majani hugeuka manjano na mekundu kisha yakaanguka, na watafsiri wetu wameuita vuli. Kwetu vuli ni mvua, si majani, na hata mvua hiyo sisi wa Mtwara na Lindi hatuijui sana, maana mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Hata hivyo majani hupukutika Kusini. Kuanzia Julai miombo huanza kupungua uzito, mibuyu hubaki mifupa, mininga huning'iniza matunda yake ya duara yenye bawa pande zote, na ikifika Septemba unaweza kusimama kandokando ya barabara ya kutoka Masasi kwenda Nachingwea ukaona mbali kuliko ulivyoweza kuona mwezi Machi. Msimu tunao. Tatizo ni kwamba tunaupiga picha kwa macho ya kuazima.

Hoja yangu ni hii. Katika picha nyingi za msimu huo wa ng'ambo, ardhi ni nyeusi kwa unyevu, na majani ndiyo yanayong'aa. Huku kwetu mambo yamepinduka. Mchanga wa uwanda wa juu wa Makonde, uwanja wa nyumba uliofagiliwa alfajiri, njia ya miguu inayopita kati ya mikorosho, makopa (vipande vya muhogo mkavu) yaliyoanikwa juu ya jabali, vyote hivyo ndivyo vinavyong'aa, ilhali mkorosho, ambao hauvui majani yake yote hata kiangazi kikiwa kikali namna gani, unabaki doa jeusi katikati. Anga nalo, kwa sababu ya moshi wa mashamba yanayoandaliwa, ni kijivu kisicho na habari. Anayeanza na anga, kama tulivyofundishwa, atapata anga tupu juu na ardhi iliyoungua kwa weupe chini. Kwa hiyo mimi huanza na ardhi: naipimia ardhi mwanga, naipanga picha kwa mistari ya ardhi, na anga nalipa nafasi ndogo kadiri linavyostahili, mara nyingi si zaidi ya kidole kimoja juu ya fremu.

Kuna jambo la jua ambalo sikulielewa mpaka nilipolipima kwa kijiti uani kwangu. Mkoa wetu uko yapata digrii 10 kusini mwa ikweta. Karibu na tarehe 20 Oktoba, na tena karibu na tarehe 22 Februari, jua la adhuhuri hupita utosini, na kijiti kilichosimama wima hakina kivuli cha kutaja. Mwezi Juni jua hilo hilo huwa upande wa kaskazini, kama digrii 56 kutoka upeo wa macho, na kijiti cha mita moja hutoa kivuli cha sentimita 67 hivi. Maana yake kwa mpiga picha ni chungu kidogo: wakati ule ambao miti iko uchi kuliko wakati wote, kuelekea Oktoba, ndio wakati ambao mwanga wa mchana ni bapa kuliko wakati wote, na picha ya nyeusi na nyeupe, ambayo haina rangi ya kujifichia, haiwezi kuishi bila kivuli. Tena jua letu halitambai kwenye upeo kama la nchi za mbali kaskazini. Linapanda karibu wima, digrii 15 kwa saa, kwa hiyo ule mwanga wa ubavuni, jua likiwa chini ya digrii 10, una dakika 40 tu. Mwezi Oktoba jua huchomoza kabla kidogo ya saa kumi na mbili. Mwezi Julai huchelewa hadi saa kumi na mbili na nusu na zaidi. Aliyesubiri chai kwanza ameshachelewa.

Nitoe mfano mmoja wa karibu. Mwezi Julai nilikwenda kwa baba mdogo, upande wa Tandahimba, siku wanayopulizia salfa mikorosho kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga. Kazi hiyo hufanywa asubuhi na mapema, upepo ukiwa umelala na umande ungali majani, ili unga ushike. Kijana mwenye pampu mgongoni aliingia chini ya mkorosho, akapotea, kisha wingu likatokea upande wa pili likiwa zito kama unga wa kinu. Jua lilikuwa nyuma yake. Kwa macho, salfa ile ilikuwa na umanjano hafifu usiovutia. Lakini filta ya manjano, kioo nilichokifunga mbele ya lenzi, hupitisha manjano na kuzuia buluu, kwa hiyo wingu lilibaki jeupe kabisa na vivuli vya chini ya mti, ambavyo hupata mwanga wake kutoka anga la buluu, vikazama. Picha tatu nilizozipata siku ile nazipenda kuliko kazi yangu ya mwaka mzima. Nisichokipenda ni kwamba nilikaa upande ambao upepo ulikuja kugeukia. Macho yaliwasha hadi jioni, na lenzi niliifuta kwa shati, kosa ambalo hata mtoto hafanyi, na mikwaruzo yake bado naiona kila ninapopiga kuelekea jua. Beba kitambaa laini na kipulizio cha mpira, na barakoa usiisahau.

Kuhusu vipimo sina mengi. Mimi hufunga tundu la lenzi hadi f/8 au f/11, yaani tundu dogo, natumia ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) ya chini, na kamera naiweka juu ya stendi kwa sababu alfajiri shata, kile kipazia kinachofunguka kuingiza mwanga, huwa ya polepole. Kamera ikikutana na mchanga mweupe hudhani kuna mwanga mwingi kuliko ulivyo, ikaufanya kuwa kijivu. Huongeza mwanga nusu hatua au hatua moja (hatua moja ni mwanga maradufu), kisha naangalia kama makopa yangali na umbile. Makopa yakipoteza umbile, picha imekufa, na hakuna programu itakayoyafufua.

Kitu cha mwisho, nacho ndicho kilichonifundisha kuliko vyote, ni bibo, tunda la mkorosho. Piga picha ya bibo jekundu lililoiva likiwa bado mtini, kisha uondoe rangi. Halionekani! Wekundu ule na ukijani wa jani vina mwangaza unaokaribiana, kwa hiyo vyote viwili vinakuwa kijivu kimoja. Bibo la manjano kwenye tawi hilo hilo linawaka kama taa. Tangu siku hiyo nimeacha kupiga picha ya rangi kwa matumaini kwamba itapendeza ikigeuzwa.

Karibuni.

Mchangiaji wa Nachingwea

Kaka, shukrani kwa uzi. Mimi sina kamera, ninayo simu janja tu, tena si ya bei kubwa. Nikichagua ule mtindo wa nyeusi na nyeupe ndani ya simu, picha inatoka ya kijivu tupu, hakuna cheusi wala cheupe. Je, hizo filta za vioo unazozitaja zinawezekana kwa simu, au ni mambo ya wenye mifuko mirefu? Kwetu hapa kuna njia nyekundu inayoshuka kutoka nyumbani kwa bibi hadi kisimani, imepita katikati ya miombo iliyokwisha kupukutika, na nimeipiga zaidi ya mara ishirini bila kufanikiwa.

Mwanzisha uzi (Masasi)

Mdogo wangu, filta unayo tayari, imo ndani ya simu. Kihisi cha kamera karibu zote za kidijitali chenyewe hakijui rangi; kimefunikwa kwa vifilta vidogo mno, nusu vya kijani, robo vyekundu na robo vya buluu, mpangilio uliobuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak, aliyepewa hataza yake mwaka 1976. Kwa hiyo simu inapokamata picha ya rangi, imekamata picha tatu za nyeusi na nyeupe kwa pamoja. Ule mtindo ulio tayari huzichanganya kwa kanuni ya jumla, ambayo mara nyingi huwa karibu sehemu 59 kwa 100 za kijani, 30 za nyekundu na 11 za buluu, kwa kuwa ndivyo jicho la binadamu linavyopima mwangaza. Kanuni hiyo haijui kwamba njia yako ni nyekundu.

Fanya hivi. Piga picha ya rangi. Fungua programu yoyote ya kuhariri inayokuruhusu kuigeuza kuwa nyeusi na nyeupe huku ukisogeza kila rangi peke yake. Pandisha nyekundu na rangi ya machungwa, na utaiona njia ya bibi ikiinuka kutoka kwenye picha. Ukishusha buluu, anga litakuwa jeusi zaidi, lakini usilivute mno, kwa sababu simu hukusanya mwanga kidogo sana katika buluu na utaanza kuona chenga chenga na ukingo mweupe kuzunguka matawi. Simu yako ikiwa na uwezo wa kuhifadhi faili ghafi, yale yaitwayo RAW, yatumie. Faili la JPEG, lile la kawaida la simu, lina ngazi 256 tu kwa kila rangi, na ukilinyoosha sana hukatika vipande vipande penye anga laini, kama rangi ya ukuta iliyopakwa mara moja.

Wala usipige saa sita mchana. Njia inayoshuka huonekana inashuka pale tu mwanga unapoikata kwa ubavu na kila jiwe likawa na kivuli chake.

Mchangiaji wa Newala

Kaka wa Masasi, nimekusoma kwa makini, na mengi nayakubali, ila pale uliposema anga letu la kiangazi ni kijivu kisicho na habari, nadhani umesema kama mtu anayekaa chini ya majabali. Njoo Newala. Simama pale Shimo la Mungu, kwenye ukingo wa uwanda wa juu, mwezi Septemba, saa kumi na mbili na robo asubuhi, uangalie bonde la Ruvuma na vilima vya Msumbiji ng'ambo. Moshi na vumbi ambavyo wewe unaviona kama uchafu, kutoka hapa juu ndivyo vinavyoipanga picha. Kilima cha karibu ni cheusi, cha pili ni kijivu kizito, cha tatu kijivu chepesi, na cha mwisho hujui kama ni kilima au ni wingu. Nimehesabu tabaka saba asubuhi moja, katika bonde ambalo mwezi Aprili, baada ya mvua kuliosha, lilikuwa na mawili tu.

Na hapa ndipo filta yako nyekundu inapoharibu. Utando mwembamba wa moshi hutawanya zaidi mwanga wa buluu, ndiyo maana milima ya mbali huonekana ya samawati. Ukiweka nyekundu, unaukata utando huo, vilima vyote vinasogea karibu, na tabaka zangu saba zinakuwa tatu. Mimi hufanya kinyume: napandisha buluu na kushusha nyekundu. Anga linakuwa jeupe kabisa, ndiyo, lakini umbali unapatikana. Ukungu wa asubuhi unaojilaza kando ya mto ni jambo jingine. Matone yake ni makubwa, hutawanya rangi zote sawasawa, na filta haina la kuufanya. Ukungu unausubiri uondoke wenyewe, au unaupiga jinsi ulivyo.

Lenzi yangu ya kazi hiyo si pana. Natumia ndefu, milimita 135 na zaidi, kwa sababu lenzi pana huvifanya vilima kuwa uzi mwembamba katikati ya fremu. Kwa hiyo "anza na ardhi" ni sawa kwa aliye bondeni. Aliye ukingoni aanze na hewa.

Mzee wa Lindi

Wanangu, hamjambo. Nimeusoma uzi huu mara mbili, na nimefurahi kuona vijana wakigombania nyekundu na buluu, kwa sababu ugomvi huo ni wa zamani kuliko sisi sote.

Huyu binti wa Newala anachokifanya kwa kusogeza buluu, wapiga picha wa zamani walikifanya bila kupenda. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, mtu wa makumbusho ya Leipzig, alipita Masasi na Newala akiwa na kamera na mashine ya kunasa sauti. Sahani za vioo zilizotumiwa na wengi zama zile zilikuwa na uwezo wa kuona buluu, nyingine na kijani, lakini nyekundu hazikuiona. Ndiyo maana katika picha nyingi za wakati ule anga ni jeupe tupu, hata kama siku ile kulikuwa na mawingu ya kupendeza, na udongo mwekundu umetoka mweusi. Fikirini basi: barabara ile ile ya Masasi, kwa sahani ya mwaka 1906 ni nyeusi, kwa mkanda wa kisasa wenye filta nyekundu ni nyeupe. Ipi ni ya kweli? Mimi huwajibu wanaoniuliza kwamba barabara ni nyekundu, na picha ni picha.

Nilianza kazi ya picha hapa Lindi katika miaka ya 1970, picha za vitambulisho na za harusi zaidi, na mandhari nilipiga siku za Jumapili kwa kuiba mkanda uliobaki. Tulisafisha wenyewe. Dawa ya kusafishia mkanda huandikwa kwamba itumike kwa joto la nyuzi 20, lakini maji ya Lindi hayajawahi kusikia habari za nyuzi 20, hata usiku. Maji yakiwa ya nyuzi 28 mkanda huiva upesi mno, cheupe kinaziba na chembe za fedha zinakuwa kubwa kama mchanga. Tulinunua barafu kwa wauza samaki, tukaiweka kwenye beseni, na chupa ya dawa tukaikalisha ndani ya beseni hilo, si barafu ndani ya dawa, kama alivyofanya mwanafunzi wangu mmoja ambaye baadaye alifanikiwa sana katika biashara ya mbao. Taa ya chumba cha giza ilikuwa nyekundu. Sababu yake ni ile ile ya sahani za Weule: karatasi ya kuchapia haiioni nyekundu, kwa hiyo unaweza kufanya kazi mbele yake kama mwizi mbele ya kipofu.

Sasa niseme la kwangu kuhusu msimu. Nyote mmezungumza juu ya miti, na hakuna aliyetaja ufuta. Mwezi Juni ufuta ukishakatwa hufungwa matita na kusimamishwa shambani, vichwa juu, matita kadhaa yakiegemeana kama watu wanaopeana siri, ili vifuko vikauke na kupasuka bila kumwaga mbegu. Pita njia ya Ruangwa asubuhi. Shamba zima lina vibanda hivyo vidogo, kila kimoja na kivuli chake kirefu, kwa kuwa, kama kijana wa Masasi alivyopima kwa kijiti, jua la Juni liko upande na halijafika utosini. Huo ndio msimu wetu wa mavuno wa kupigwa picha, wala hauna haja ya kusubiri jani lianguke. Piga jua likiwa mbele yako kidogo ubavuni, mabua yawe na ukingo wa mwanga. Na mtafute mwenye shamba kwanza. Ukigusa tita likaanguka, umemwaga chakula cha mtu.

Mchangiaji wa Kilwa

Shikamoo mzee, na shikamooni wakubwa wote humu. Naomba nipinge kidogo uzi mzima. Mnasema Kusini kuna msimu wa majani kupukutika na kwamba tuupige bila rangi. Lakini miombo ina tabia ambayo msimu huo wa Ulaya hauna: wiki chache kabla ya mvua kuanza, mti ungali mkavu na ardhi haijaona tone, majani machanga huchomoza yakiwa mekundu, ya rangi ya shaba, mengine kama divai, kisha ndipo yanageuka kijani. Ulaya majani huwa mekundu yakifa, kwetu huwa mekundu yakizaliwa. Mwaka jana nilipita msitu mmoja wa kijiji ndani ya Kilwa, kule kwenye mpingo, nikakaa saa nzima nimesimama tu. Mtu akiniambia nikaitoe rangi ile ili picha yangu ionekane ya kisanii, mimi nitaona anaiga. Kwa nini tujinyime?

Mwanzisha uzi (Masasi)

Shikamoo mzee. Nimeona aibu kwa ufuta, kwa sababu napita mashamba hayo kila mwaka nikielekea kwenye majabali, na sijawahi kushuka.

Kwa ndugu wa Kilwa: katika hilo la majani machanga umenishinda, na sitajitetea. Niliyapiga misimu miwili bila rangi na yote niliyatupa. Yaliyokuwa mekundu yalitoka sawa na yaliyokuwa ya kijani, kama lile bibo. Nikipandisha nyekundu yanang'aa, ni kweli, lakini mtazamaji hawezi kujua kama yanang'aa kwa sababu ni mekundu, au ni machanga, au yamelowa, na habari yote iko katika kujua hilo. Yapige kwa rangi. Mimi naacha rangi pale tu inaponisemea jambo ambalo si la msingi: anga lenye moshi, gome la mbuyu, jabali la Masasi lenye michirizi ya maji ya mvua za zamani, shamba lililoungua likabaki majivu meupe juu ya udongo mweusi kwa umbo la gogo lililokuwepo. Hilo la majivu ya gogo nilipiga karibu na Nanyumbu, na ukiliangalia kwa rangi unaona udongo wa kahawia na kipande cha chupa ya plastiki ya kijani. Bila rangi, chupa imepotea na gogo limerudi.

Kwa dada wa Newala: nakubali kuhusu hewa, ila naongeza kwamba hata ukingoni kuna ardhi chini ya miguu yako. Katika picha za Shimo la Mungu ninazoziona mtandaoni, sehemu ya chini ya fremu ni nyasi zilizotiwa giza mpaka zikawa pazia. Ukizipa nyasi hizo mwanga kidogo tu, tabaka zako saba zitakuwa nane.

Kuna jambo nililosahau, la kuchapisha. Nilipeleka picha ya salfa kwenye duka moja la kuchapishia mjini, wakaichapa kwa wino za rangi, na wingu likatoka na ukijani kama maji ya dimbwi. Nikalipia, maana aliyeleta kazi bila kuuliza ni mimi. Sasa naomba kwanza kipande kidogo cha majaribio, nakitoa nje kwenye mwanga wa jua, kisha nakitazama tena chini ya taa ya dukani. Wino za rangi zikichanganywa kupata kijivu, kijivu hicho hubadilika kulingana na mwanga unaokimulika. Mashine zenye wino mbili au tatu za kijivu huwa na tabia hiyo kidogo zaidi, kwa hiyo ulizeni kabla ya kulipa.

Mchangiaji wa Newala

Nane zimekubaliwa, kaka. Nyasi nitazipa mwanga Jumamosi.

Mchangiaji wa Nachingwea

Kaka, nimerudi na majibu. Jana nimeamka saa kumi na moja, nikashuka njia ya kisimani kabla ya watu, na jua lilipotokeza nikapiga picha tano kwa rangi, nikiwa nimechuchumaa kama ulivyosema kuhusu ardhi. Vijiwe vyote vina vivuli, sijawahi kuviona vijiwe vile. Nilipofika nyumbani nikafungua programu, nikapandisha nyekundu na rangi ya machungwa hadi mwisho, nikashusha kijani. Njia imetoka nyeupe kabisa, na miombo pande zote ni mistari myeusi. Nilijiona fundi.

Nikampelekea bibi. Akaishika simu mbali na macho, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Mjukuu wangu, mto huu ni upi?"

Mwanzisha uzi (Masasi)

Bibi ameona kweli. Ukipandisha hadi mwisho, mchanga unapoteza vijiwe vyake na kuwa maji. Irudishe rangi ya machungwa katikati kwanza, nyekundu iache juu kidogo tu, mpaka uone tena ukingo wa unyayo mmoja kwenye njia. Kama hakuna unyayo, rudi kesho baada ya wateka maji wa kwanza kupita, ila kabla ya bodaboda, kisha umwoneshe tena bibi bila kumwambia ni wapi.

Mzee wa Lindi

Na akikosea mara ya pili, mlete huku Lindi na simu yake. Barafu bado naijua inakouzwa.